Baba Yake Ni wa Wapi?

Kazi yangu ni kuwapigia watu barua. Kibanda changu kiko Buyenzi, mjini Bujumbura, karibu na soko la Ruvumera, kimebanwa na magereji ambamo mafundi hugonga mabati kutwa nzima. Nina kompyuta, mashine ya fotokopi na boksi la bahasha za kaki. Watu wa mtaani wanakiita sekretaria. Anayetafuta kazi huja kwangu, anayedaiwa kodi huja, mjane anayegombania kiwanja na mashemeji zake naye huja. Tunaongea Kiswahili, barua inatoka kwa Kirundi au Kifaransa, anaweka sahihi, anakwenda zake.

Barua nyingi huzisahau mteja akishavuka barabara. Ziko ambazo sizisahau, nazo ni za mama wa Kirundi aliyeolewa na mgeni, anayemwombea mwanawe karatasi za uraia.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu wakati mji huu ukiitwa Usumbura. Wazee wetu walitoka Manyema, Ujiji, Uvira na pwani, wengine wakaja na Waarabu wa Oman waliofungua maduka kandokando ya ziwa. Katika mtaa wa namna hii, ndoa hazijawahi kuuliza mpaka uko wapi. Kijana wa Uvira akivuka Kavimvira asubuhi akapita Gatumba, mchana yuko kwa wakwe zake anakula samaki wa mikeke. Wanaoana, wanazaa, watoto wanasoma shule moja na kucheza mpira kwenye barabara moja. Anayekuja kuuliza habari za mpaka ni sheria, na huuliza siku mtoto anapohitaji karangamuntu, yaani kitambulisho chake.

Nilimsindikiza mama mmoja, muuza vitenge, kwenda ofisi ambayo sitaitaja. Mumewe ni fundi wa magari, Mkongomani wa Uvira. Ndoa yao imeandikwa kwenye daftari la serikali, ina mhuri na mashahidi. Kijana wao wa kwanza amezaliwa Bujumbura, kasoma Bujumbura, na Kirundi chake kinakishinda changu. Faili nilikuwa nimelipanga mwenyewe: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, karangamuntu ya mama, barua ya mkuu wa mtaa, picha mbili ndogo. Afisa alifungua cheti cha kuzaliwa, akapita jina la mtoto, akapita jina la mama, akaweka kidole kwenye mstari wa baba.

“Mama, huyu baba yake ni wa wapi?”

“Wa Uvira.”

“Basi mtoto ni Mkongomani. Mumpeleke ubalozi wa kwao.”

“Na mimi je?”

“Wewe ni Mrundi, mama. Hakuna aliyekataa.”

Yule afisa hakuwa mtu mbaya. Hakuomba hongo, wala hakupandisha sauti. Alikuwa anafuata Sheria ya Uraia ya tarehe 18 Julai 2000, na sheria hiyo inasema alichosema. Mtoto wa baba Mrundi ni Mrundi tangu kuzaliwa, popote alipozaliwa. Mtoto wa mama Mrundi na baba mgeni anayejulikana kisheria hapewi haki hiyo kwa upande wa mama. Katika ndoa zenyewe ni vilevile: mwanamke mgeni akiolewa na Mrundi, sheria imemwekea njia fupi ya kuwa Mrundi kwa kutoa tamko. Mwanamume mgeni akimwoa Mrundi hana njia hiyo. Anarudi kwenye maombi marefu ya tajinisi.

Sasa mama huyu ana kaka yake, tumbo moja, baba mmoja. Kaka alioa msichana wa Bukavu. Watoto wa kaka ni Warundi, na hakuna aliyewahi kuwauliza swali. Nyumba zao ziko ua mmoja, wanachota maji bomba moja. Binamu mmoja akifika umri wa kitambulisho anapiga picha, anapanga foleni, anarudi nacho. Binamu wa pili anaambiwa aende ubalozini. Wote wawili wana babu mmoja Mrundi na kila mmoja ana mzazi mmoja kutoka Kongo. Kinachowatenga ni kwamba kwa huyu Mrundi ni baba, na kwa yule Mrundi ni mama. Ukitaka kujua maana ya kukosa usawa mbele ya sheria, ingia kwenye ua ule uwaangalie hao wawili.

Mtu anaweza kusema karatasi ni karatasi tu, maisha yanaendelea. Hayaendelei. Asiye Mrundi anaishi nchini kwa kibali. Hapigi kura, hapati pasipoti ya Burundi, hawezi kuomba kazi ya serikali inayotaka raia. Akikutana na ukaguzi wa usiku na mfukoni hana karangamuntu, kueleza kwamba mama yake ni wa hapa hakumsaidii. Na Kongo, anakoambiwa ni kwao, huenda hajawahi kulala hata usiku mmoja. Kijana wa muuza vitenge alikuwa na ahadi ya kazi ya udereva. Tajiri alimngoja, akachoka, akamchukua mwingine.

Lakini jambo linaloniuma zaidi liko penye mlango mwingine wa sheria hiyohiyo. Mtoto ambaye baba yake hakuthibitishwa kisheria hufuata uraia wa mama. Ni kifungu cha huruma, kimewekwa ili asibaki mtoto asiye na nchi. Tazama kinavyofanya kazi mtaani. Mwanamke aliyezaa bila baba kuandikwa anampa mwanawe uraia wa Burundi. Mwanamke aliyefunga ndoa ya halali, akamwandikisha mumewe kwa jina na uraia wake kama serikali inavyotaka, hampi. Aliyesema kweli yote ndiye anayekosa.

Watu si wajinga, wameshalielewa hilo. Nimeombwa mara nyingi niandike kwamba baba hajulikani, na baba mwenyewe amekaa kwenye benchi mlangoni kwangu ananisubiri nimalize. Wengine humwandikisha mtoto kwa jina la mjomba, ili aonekane ana baba Mrundi. Mjomba anakuwa baba kwenye karatasi, na dada yake, kwenye karatasi hiyohiyo, anaonekana amezaa naye. Siku mjomba akifa, watoto wake halisi wanakuja na hoja za urithi, na yule wa kuandikishwa hajui asimame upande gani. Barua hizo siziandiki. Najua wanaoziandika, na siwalaumu kama ninavyoilaumu sheria iliyowafikisha hapo. Ndiyo maana nasema usawa si jambo la wanawake peke yao. Sheria ikipendelea upande mmoja, upande wa pili hujifunza kuizunguka, na madaftari ya serikali yanajaa uongo ambao kila mtu mtaani anaujua. Mahakama nayo baadaye inahukumu kwa kutumia madaftari hayo.

Katiba yetu haina kosa hapo, na hili huwasomea wateja wangu neno kwa neno. Katiba ya 2005, iliyozaliwa na mkataba wa amani wa Arusha, ilisema kwamba raia wote ni sawa mbele ya sheria, na kwamba mtu asibaguliwe kwa asili yake, kabila, jinsia, lugha au dini. Hicho ni kifungu cha 22. Kifungu cha 12 kinakwenda kwenye mada yetu moja kwa moja: watoto waliozaliwa na wanaume au wanawake Warundi wana haki zilezile mbele ya sheria ya uraia. Katiba mpya ya 2018 haikuyaacha maneno hayo. Mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1992, unasema katika kifungu chake cha 9 kwamba mwanamke awe na haki sawa na mwanamume kuhusu uraia wa watoto wao. Na Katiba inatamka kwamba mikataba ya haki za binadamu iliyoridhiwa ni sehemu ya Katiba yenyewe. Kwa hiyo juu kuna Katiba inayosema ndiyo, chini kuna sheria ya 2000 inayosema hapana, na afisa wa dirishani anasoma ya chini kwa sababu ndiyo iliyo mezani kwake.

Tarehe za sheria hiyo zinanisikitisha kila nikizitazama. Kuanzia tarehe 17 hadi 20 Julai mwaka 2000, wanawake wa Burundi wa vyama vyote na wa makabila yote walikutana Arusha kwa mkutano wao wa amani. Walitaka sauti yao iingie kwenye mazungumzo yaliyokuwa yakisimamiwa na mzee Mandela. Waliandika madai yao, likiwemo la haki ya kurithi ardhi na la kupewa asilimia 30 ya nafasi za uongozi. Katikati ya mkutano huo, tarehe 18, sheria ya uraia ikatiwa sahihi huku nyumbani. Mkataba wa Arusha ulifuata tarehe 28 Agosti. Leo ile asilimia 30 ya wanawake imo katika Katiba, serikalini na Bungeni, na ni ushindi mkubwa ambao siupunguzi. Lakini maana yake ni kwamba mwanamke Mrundi anaweza kuwa mbunge, akapiga kura ya kupitisha sheria za nchi nzima, na akienda kumtolea mwanawe karangamuntu akaulizwa baba ni wa wapi.

Wapo wanaonijibu kwamba hii ndiyo mila yetu, mtoto hufuata ukoo wa baba. Mzee mmoja wa hapa Buyenzi, ninayemheshimu sana, aliniambia, “Binti yangu, hata dini inasema nasaba ni ya baba.” Ni kweli, shehe, na hakuna anayeigusa nasaba. Mtoto ataitwa kwa jina la babake, atazikwa na ukoo wa babake. Kitambulisho cha serikali ni jambo jingine. Kinasema mtu huyu nchi hii inamtambua na kumlinda, nayo nchi ina baba na mama ndani yake. Wanyarwanda nao huhesabu ukoo kwa baba, na jamii nyingi za Wakongomani vilevile, lakini nchi zote mbili zilibadilisha sheria zao mwaka 2004, mama akawa sawa na baba katika kumpa mtoto uraia. Kenya ilifanya hivyo kwa Katiba ya 2010. Tanzania imefika nusu ya njia: mama Mtanzania humpa mtoto uraia, ila mumewe mgeni hana nafasi anayopewa mke mgeni wa Mtanzania. Hakuna ukoo uliokufa Kigali wala Nairobi kwa sababu hiyo. Na leo Burundi na Kongo ziko pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, tunaambiwa tufanye biashara bila mipaka. Mafundi na wauza vitenge wetu walianza zamani.

Wengine hawasemi mila, wanasema ardhi. Hawa nawaelewa zaidi, kwa sababu Burundi ni nchi ndogo yenye watu wengi na kila mtu anajua uzito wa shamba. Hofu yao ni kwamba mtoto wa binti na mgeni akiwa Mrundi, kesho atadai sehemu ya shamba la babu. Hofu hiyo inaonyesha kwamba ubaguzi wa uraia na ubaguzi wa urithi ni ndugu. Nchi yetu imekaa miaka mingi na mswada wa sheria ya urithi usiofika mwisho, na pale ambapo hakuna sheria iliyoandikwa, mila ndiyo inayoamua: shamba ni la wana wa kiume, binti anapewa kipande kidogo cha kulima maishani mwake, kinachoitwa igiseke. Akifa kinarudi kwa kaka zake. Basi binti wa Kirundi hana shamba la kumwachia mwanawe, na akiolewa na mgeni hana hata uraia wa kumwachia.

Kuhusu ardhi, ng'ambo ya mpaka wetu wa mashariki kuna kesi ambayo huwa nawasimulia kina mama. Huko Muleba, mkoa wa Kagera, mwanamke wa Kihaya aitwaye Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 alikuwa mtu mzima, hana wa kumtunza, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki, kwa sababu mila ya Wahaya ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo lakini si kuliuza, ilhali mwanamume aliruhusiwa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Jaji hakuandika Katiba mpya. Alichukua iliyopo akaiweka juu ya mila, mahali ambapo Katiba yoyote inasema ikae.

Haya ya mama kutohesabiwa yana historia ndefu katika eneo letu, na historia hiyo iliumiza watoto. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na mahakama za wazungu na mahakama za wenyeji, madaftari ya wazungu na ya wenyeji. Mtoto wa baba mzungu na mama Mwafrika hakuingia vizuri upande wowote, kwa hiyo serikali ilimchukua. Watoto wa namna hiyo kutoka Ruanda-Urundi walipelekwa kwa masista wa Save, kusini mwa Rwanda, na ulipokaribia uhuru takriban 300 kati yao walisafirishwa kwenda Ubelgiji. Mama zao hawakuwa na neno. Wengi wa watoto hao walikua bila kujua hata majina halisi ya mama zao, na baadhi walijikuta hawana uraia wowote. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi Bungeni Brussels kwa niaba ya Ubelgiji. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano waliozaliwa Kongo, akiwemo Monique Bintu Bingi na Léa Tavares Mujinga, kwamba kuwatenga na mama zao kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70 hukumu ilipotoka. Sisemi kwamba sheria yetu ya uraia ni sawa na ukatili ule; hakuna afisa wa Burundi anayemnyang'anya mama mtoto. Nasema tu kwamba dola ikishaamua kuwa neno la mama si ushahidi wa mtoto ni wa wapi, inaweza kuchukua miaka 70 kulirekebisha.

Wala si lazima twende Brussels. Hapa Bujumbura wako mamia ya watu wenye asili ya Oman, ambao vizazi vyao vimezaliwa na kuzikwa hapa, na hawana uraia wa nchi yoyote. Wengine babu zao waliingia kabla hatujapata uhuru mwaka 1962. Katika familia hizo wamo bibi na mama wa Kirundi. Kama mama angehesabiwa tangu mwanzo, wengi wa watu hao wangekuwa na karangamuntu leo bila huruma ya mtu.

Mama wa vitenge aliniuliza anachoweza kufanya, na nilimjibu ninavyowajibu wote. Katiba yetu imeacha mlango wazi: mtu yeyote mwenye maslahi anaweza kwenda Mahakama ya Katiba kudai kwamba sheria fulani inaivunja Katiba, au kuleta hoja hiyo ndani ya kesi iliyoko mahakama nyingine. Unity Dow wa Botswana alifanya hivyo. Alikuwa mwanasheria, ameolewa na Mmarekani, watoto wake waliozaliwa Botswana ndani ya ndoa wakaambiwa si raia kwa sababu baba ni mgeni. Serikali ilijitetea kwa mila, kwamba mtoto hufuata baba. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1991, akashinda tena Mahakama ya Rufaa mwaka 1992, na mwaka 1995 Bunge likabadilisha sheria. Baadaye yeye mwenyewe akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi yake.

Mama wa vitenge alinisikiliza, kisha akasema, “Dada, yule alikuwa wakili. Mimi nauza vitenge kwa mkopo.” Sikuwa na jibu la haraka. Kesi inataka wakili, wakili anataka faranga, na siku ya mahakama ni siku ambayo meza yake Ruvumera haina mtu. Usawa mbele ya sheria unakwama hapo pia: haki ya kushtaki imeandikwa kwa wote, nauli haikuandikwa. Tulifanya lililo ndani ya uwezo wetu. Niliandika barua mpya ya kurudia maombi, nikanakili kifungu cha 12 na cha 22 kwa Kirundi na Kifaransa, nikaambatanisha cheti cha ndoa na ule mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nikaomba jibu litolewe kwa maandishi, kwa sababu kukataliwa kwa mdomo hakupelekwi mahakamani. Sasa ninatafuta wakili atakayekubali kuikusanya kesi yake pamoja na za wengine wa Buyenzi, Bwiza na Kamenge, iwe kesi moja na gharama moja. Barua za upande huo nazipiga bila malipo, fotokopi pia.